Mdogo wangu anaita kazi, mume wangu anaita kamari

BARUA

Mama Mshauri, jambo sana.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge katika soko la Kenya hapa Lubumbashi. Kwetu tumezaliwa watano, mimi ndiye yaya, dada mkubwa wa wote, na tangu baba afariki ni mimi ninayeshika makuta ya ukoo. Sasa hivi nashika dola 2,600. Tuliuza pikapu ya baba, tukaongeza kodi ya vyumba viwili tunavyopangisha, na kila mtu anajua pesa hiyo ni ya kazi gani. Nyumba ya mama kule Ruashi imefika kwenye linta, inangoja mbao na mabati kabla mvua hazijarudi.

Shida ni kitinda mimba wetu. Alimaliza ekonomi UNILU, chuo kikuu cha hapa, akazungusha barua za kuomba kazi kwenye makampuni ya shaba kuanzia hapa hadi Kolwezi, hakuna kitu. Mwaka jana akaingia kundi moja la WhatsApp la foreksi, ile biashara ya kununua na kuuza sarafu za nchi kwenye simu. Wana mwalimu wao anayetembelea jeep, anafundisha kwa dola 100. Tangu hapo mdogo wangu amekuwa mtu wa usiku. Mtandao unashika vizuri uani, basi anakaa juu ya bidoni ya manjano karibu na ukuta, simu mkononi, anaangalia vile vijiti vya kijani na vyekundu vinavyoonyesha bei. Juzi nilimwita aje kula, nikamwita tena, wapi. Bukari ikapoa, samaki akaliwa na paka. Yeye jasho linamtoka, na hii ni baridi ya mwezi wa sita.

Siwezi kusema hapati. Amenionyesha kwenye simu: dola 300 zimekuwa 940. Alinieleza anafungua "nusu loti" ya euro na dola, eti kampuni inamwongezea nguvu mara 500. Siku moja alitoa dola 150, akamnunulia mama mfuko wa unga na mafuta, akapeleka fungu la kumi kanisani. Tangu siku hiyo mama anasema Mungu amefungua mlango. Sasa kijana anasema kwa mtaji mdogo anapoteza wakati, tumpe zile 2,600 kwa miezi mitatu, atarudisha 5,000, tuweke paa na vigae juu yake. Mdogo wangu wa kike aliye Kolwezi amekubali, na wale wengine wawili wamekubali. Nimebaki mimi. Tena anataka nimpe kadi yangu ya mpiga kura afungue akaunti nyingine kwa jina langu, kwa sababu mteja mpya anapewa bonasi.

Mume wangu ni shemasi. Alisema hiyo ni kamari tupu, na nyumba iliyojengwa kwa kamari haikaliwi. Mdogo wangu akamjibu mbele ya watu: "Shemeji, kambiste anayebadilisha pesa pale barabarani na mafurushi ya franka, naye ni mcheza kamari? Na shaba yetu ya Katanga, bei yake inapangwa London na watu wanaofanya kama mimi. Mbona kanisa linapokea sadaka ya watu wa shaba?" Mume wangu akanyamaza. Na mimi, kusema kweli, niliona kijana ana neno.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Laptopu yake iko "kwa fundi" tangu miezi miwili. Nilipouliza ni fundi gani, akawa mkali.

Kikao cha ukoo ni Jumapili. Wanasema nina wivu, sitaki mdogo wangu apande. Mama, ni kazi au ni kamari? Niwajibu nini?

Yaya Mkubwa, Katuba

JIBU

Mwanangu, nianze na pesa kwa sababu Jumapili iko karibu: usiitoe. Hata kama mdogo wako angekuwa hodari kuliko wote mjini, pesa ya paa la mama si mtaji. Mtaji ni pesa ambayo ikipotea unalia siku mbili, kisha unaendelea kulala mahali pakavu. Hiyo haina uhusiano na wivu, na kikaoni useme hivyo bila kujitetea sana.

Sasa tumjibu kijana. Ameuliza maswali ya mtu aliyesoma, na shemeji yake alikosea kumjibu kwa laana.

Tuanze na kambiste, maana huyo wote tunamjua. Mtu anamjia na dola 20, anatafuta franka za unga na za taksi. Kambiste anazichukua kwa bei moja. Baadaye anakuja mama anayesafiri mpakani Kasumbalesa kununua bidhaa, yeye anatafuta dola, anauziwa kwa bei iliyo juu kidogo. Ile tofauti ndiyo mshahara wa kambiste. Haketi pale akiomba dola ipande usiku. Franka ikiruka ghafla, naye anaweza kuumia, akiwa ameshika furushi kubwa la upande mbaya. Anaishi kwa kuhudumia watu wawili wenye haja mbili tofauti, na wote wawili wanaondoka na kile walichokuja kutafuta.

Katika simu ya mdogo wako kambiste yupo, ila si yeye. Kambiste ni kampuni, yule wanayemwita broka. Ndiye anayeandika bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na tofauti yake anaila kila mara mdogo wako anapofungua biashara. Mdogo wako amekaa kwenye nafasi ya mteja, tena mteja wa ajabu: asubuhi anabadilisha dola apate franka, saa nne anarudi kuzifanya dola, saa sita anataka franka tena, hivyo hivyo mpaka usiku wa manane, na hana unga wa kununua wala safari ya Kasumbalesa. Bei isiposogea hata kidogo mwezi mzima, pesa yake itakuwa imehamia polepole upande wa pili wa meza.

Na kuna linalozidi hapo. Mdogo wako hanunui euro yoyote. Anaingia mkataba na broka juu ya tofauti ya bei, ipande au ishuke. Mara nyingi broka haupeleki mkataba huo sokoni kokote, anaubeba mwenyewe. Maana yake kijana akipoteza, zile dola ndizo pato la broka. Wapo mabroka wanaozipeleka oda kwa mabenki makubwa na kuridhika na ile tofauti ya bei, sikatai. Lakini mtu anayeweka pesa yake mahali fulani anapaswa kujua kama mwenye nyumba anafurahi yeye akishinda au akishindwa. Muulize mdogo wako kama analijua hilo kuhusu kampuni yake.

Upande wa shaba, hapo kijana amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzuri. Bei ya shaba yetu kweli inafuata London, katika soko la London Metal Exchange lililoanza mwaka 1877. Loti moja ya shaba pale, yaani kipimo cha mkataba mmoja, ni tani 25, na mkataba unaojulikana sana ni wa miezi mitatu, kwa sababu enzi zile meli ya shaba kutoka Chile kufika Uingereza ilichukua karibu muda huo. Mfanyabiashara alinunua shaba ikiwa bado baharini, hajui itakuta bei gani bandarini, basi akatafuta wa kukubaliana naye bei mapema. Mgodi wa Kolwezi unaweza kufanya vilevile leo: shaba ya miezi mitatu ijayo ukaifunga kwa bei ya sasa, ili bei ikianguka bado uweze kulipa wafanyakazi. Waliokuwa hapa mwaka 2008 hawahitaji kuelezwa sana. Mwezi wa saba tani moja ilipita dola 8,000, mwezi wa kumi na mbili ikawa chini ya 3,000. Tanuru zikazimwa, vijana wakarudishwa nyumbani bila hata kuagana vizuri.

Anayefunga bei ya shaba yake anaikimbia bahati. Mdogo wako anaikimbilia. Wanatumia soko la aina moja na maneno mamoja, lakini nyuso zimeelekea pande mbili. Katikati yao wapo watu wanaoibeba ile hatari kwa kulipwa, kwa pesa zao na kwa hesabu ndefu, na bila wao mgodi usingepata wa kufunga naye bei. Hao siwezi kuwaita wacheza kamari, ingawa nao wanapoteza, na wakati mwingine wanapoteza vibaya.

Basi tuitazame hiyo nusu loti. Loti moja kamili ya euro ni euro 100,000. Nusu yake ni 50,000. Soma tena, mwanangu: kijana mwenye dola 300 alikuwa anashika bei ya euro elfu hamsini. Anaweza kwa sababu ya ile nguvu ya mara 500, wenyewe wanaiita levereji: kampuni inamruhusu kushika hadi mara 500 ya pesa yake. Kwa nusu loti, kila bei inaposogea pipsi moja, yaani tarakimu moja katika nafasi ya nne baada ya nukta, anapata au anapoteza dola 5. Kwa dola 300, pipsi 60 kinyume chake zinamaliza kila kitu, na kampuni ingeifunga biashara hata kabla ya kufika hapo. Euro na dola zinatembea kiasi hicho katika siku ya kawaida, hakuna vita, hakuna tangazo lolote.

Kutoka 300 kwenda 940 ni dola 640, gawanya kwa 5, ni pipsi 128. Mwendo wa siku mbili tatu tu, zikijumlishwa zilizomfuata na kutolewa zilizompinga. Amepata kweli, sisemi ni uongo. Ila kwa mwendo mfupi hivyo huwezi kutenganisha mjuzi na mwenye bahati. Hata mimi nisiyejua kusoma vijiti hivyo, ningebofya kijani kila siku wiki hiyo, huenda ningekuwa na 940 zangu.

Atakwambia anaweka amri ya kufunga biashara hasara ikifika mahali fulani. Ni jambo jema, na asiyeiweka ni mtu wa kuhurumiwa. Lakini tarehe 15 Januari 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuilinda bei ya faranga yake dhidi ya euro, bei iliruka mno ndani ya dakika chache, hivi kwamba amri za watu wengi zilitekelezwa mbali sana na pale walipoziweka. Wapo walioamka wakidaiwa na mabroka, na mabroka wengine nao wakafilisika.

Wazungu waliotuletea programu hizi wamekwisha kuhesabu kwao. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba kati ya akaunti 100 za watu wa kawaida katika mikataba hii ya tofauti ya bei, 74 hadi 89 zinapoteza pesa. Wakapunguza levereji ya sarafu kubwa isizidi mara 30, wakapiga marufuku kumwuzia mtu wa kawaida zile "ofa za dakika moja" za kubashiri juu au chini, na kila broka akalazimishwa kuandika kwenye ukurasa wake ni asilimia ngapi ya wateja wake wanaopoteza. Mwambie mdogo wako afungue ukurasa wa broka yeyote mwenye leseni ya Ulaya, aisome sentensi hiyo kwa sauti mbele ya kikao. Ile mara 500 anayopewa Lubumbashi, mtu wa kawaida Paris haruhusiwi kuuziwa. Brazili, wachunguzi waliwafuata watu waliofanya biashara ya siku kwa siku zaidi ya siku 300 katika soko la mikataba: asilimia 97 walipoteza. India, msimamizi wa masoko alitangaza mwaka 2024 kwamba katika mikataba inayofuata bei za hisa, zaidi ya watu 9 kati ya 10 walipoteza kwa miaka mitatu mfululizo. Na hao walikuwa kwenye masoko halisi, yenye msimamizi wa kumlalamikia. Ninyi mtamlalamikia nani? Mwulize kampuni yake imeandikishwa wapi. Akikutajia Saint Vincent, ujue mamlaka ya fedha ya kisiwa hicho imekwisha kusema wazi kwamba haitoi leseni za foreksi.

Kwa hiyo swali lako: ni kamari? Soko lenyewe, hapana. Anachofanya mdogo wako juu ya ile bidoni, ndiyo. Pesa ndogo, dau kubwa mara mamia, matokeo ya saa chache ambayo hana namna ya kuyajua, na mwenye meza anakula kila mzunguko. Shahada ya ekonomi haibadilishi hesabu hiyo, inampa tu maneno mazuri ya kuieleza.

Lakini mume wako naye asikimbilie kushangilia. Kama kamari ni kila pesa inayotegemea bei ya kesho, basi mama anayenunua mahindi wakati wa mavuno ili ayauze mwezi wa kwanza naye atengwe na kanisa. Mtu anayenunua hisa za kampuni na kukaa nazo miaka, anakula sehemu ya faida ya kazi iliyofanyika. Anaweza kupoteza, na bado si mcheza kamari. Shemasi aseme anachokikataa ni kipi hasa, kijana atamsikiliza zaidi.

Yule mwalimu wa jeep sina mengi ya kusema juu yake. Wanafunzi ishirini wa dola 100 ni dola 2,000, na haihitaji euro ipande. Mabroka wengi pia wanamlipa anayewaletea wateja, kwa kila loti wateja hao wanayofungua. Hiyo bonasi ya mteja mpya inatoka katika mfuko huohuo, na mara nyingi haitoki mpaka umefanya biashara nyingi sana. Kadi yako ya mpiga kura usimpe. Akaunti ikiwa na jina lako, tatizo lolote litakaloizukia litakuwa lako.

Linalonitia wasiwasi kuliko foreksi ni ile laptopu. Mwenye dola 940 haachi laptopu kwa fundi miezi miwili. Nahofia ameiweka rehani. Sina ushahidi, na wewe usimshtaki mbele ya ukoo. Lakini kabla ya Jumapili kaa naye peke yenu, mdogo na yaya wake, umwombe mambo mawili. La kwanza, historia yote ya kuingiza na kutoa pesa, siyo ile picha ya salio. Salio kwenye skrini halijawa pesa, na vijana hawa wana desturi ya kuonyesha akaunti inayong'aa na kuificha ile waliyoichoma kabla yake. Pitieni pamoja ujumbe wa pesa za simu: ni mara ngapi ametuma, mara ngapi zimerudi. Inawezekana zile 150 za unga wa mama ndizo pekee zilizowahi kutoka. La pili, mwulize anadaiwa na nani. Uliza kwa upole, kama unauliza homa ilianza lini. Kutolala, kuongeza dau ili kurudisha kilichopotea, ukali akiulizwa swali dogo, vitu kupotea nyumbani: hizo ni dalili za mtu ambaye mchezo umemshika, na aliyeshikwa anahitaji watu karibu yake zaidi ya mahubiri.

Kama anasisitiza ni kazi, mpe nafasi aifanye kama kazi. Afungue loti ndogo kabisa, 0.01, ambayo pipsi moja ni senti 10 tu za dola, kwa pesa yake mwenyewe, na kila biashara aiandike kwenye daftari: kwa nini aliingia, alitoka wapi, alipata au alipoteza ngapi, na mega za intaneti zihesabiwe kama gharama. Miezi sita, halafu mfungue daftari pamoja. Akikubali, mheshimu, hata kama mimi binafsi natarajia daftari hilo litamkatisha tamaa. Akikwambia hiyo ni polepole mno, haifai, basi amekwisha kukujibu swali uliloniandikia.

Jumapili mwache mama yako nje ya mabishano. Ameona mfuko wa unga, huwezi kushindana na mfuko wa unga kwa asilimia za Brazili. Waambie ndugu zako kwamba anayemwamini mdogo wenu ampe pesa ya mfuko wake mwenyewe, na mwone ni nani atakayekuwa wa kwanza kusimama. Usikimbie kununua mabati kwa siri kabla ya kikao, kesi itageuka kuwa yako. Nenda na bei za mbao na mabati zilizoandikwa, omba kikao kikubali tarehe ya kununua, na mwende watu wawili dukani, mmoja wao awe kitinda mimba mwenyewe. Ana shahada ya ekonomi, ashike daftari la ujenzi.

Na kama kuna deni juu ya laptopu, msimpe yeye hela ya kulipa. Mtafuteni aliyeishika, mlipeni mkono kwa mkono, mrudi nayo nyumbani siku hiyohiyo.